Mwalimu Anajibu: Kijiji cha watu 14, sherehe ya mamia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu anasoma chuo huko Kansas, Marekani. Rafiki yake, Mmarekani mweusi, amemwalika kwao mwishoni mwa Julai, kwenye kijiji kinachoitwa Nicodemus, kuna sherehe ya kurudi nyumbani. Kijana mwenyewe ananiambia wakazi wa hapo hawafiki ishirini. Nimebaki na wasiwasi. Ni mji gani huo usio na watu, na hao wanaorudi wanarudi kwa nani? Nimruhusu? Na akienda, abebe nini?
Mama wa mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mruhusu, tena umhimize. Tangu nistaafu kufundisha historia nakaa na mwanangu hapa hapa Kansas, na Nicodemus nimefika. Kijana hajakudanganya: sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 14. Ila wewe ni Mtanzania, unajua Desemba inavyokuwa kule Moshi Wachaga wanapopanda kwao. Usiihesabu Nicodemus kwa taa zinazowaka usiku wa Februari. Wikiendi ya mwisho ya Julai utaona magari yenye namba za majimbo ya mbali yamejipanga kando ya nyasi, na wajukuu waliozaliwa mijini wanaonyeshwa shamba lilipokuwa la babu.

Kijiji hicho kilianza mwaka 1877, miaka 12 tu baada ya utumwa kufutwa Marekani nzima. Dalali mmoja wa ardhi, mzungu, W. R. Hill, na mchungaji mweusi W. H. Smith waliunda kampuni ya mji, wakasambaza vipeperushi Kentucky wakiwaita watu weusi waje Kansas, mahali pa kumiliki ardhi yao wenyewe. Septemba mwaka huo watu kama mia tatu kutoka upande wa Lexington walishuka treni kwenye stesheni ya Ellis, wakashika njia kuelekea kaskazini, zaidi ya kilomita hamsini, penye nyasi tupu.

Kilichowangoja hakikufanana na vipeperushi. Willianna Hickman, mke wa mchungaji mwingine, alifika na kundi la mwaka uliofuata, baada ya surua kuua watoto kadhaa wa msafara wao pale Ellis. Baadaye alisimulia kwamba wanaume walipiga kelele za furaha, Nicodemus ile pale! Yeye akatazama, haoni kitu. Mumewe akamwonyesha moshi unaotoka ardhini. Watu walikuwa wamechimba mahandaki kwenye kingo za ardhi, wanaishi humo, kwa kuwa nyika ile haina miti ya kujengea. Mama yule akaangua kilio. Kila nikiisoma habari hiyo nasimama hapo kidogo: mtu umezika watoto njiani, umetembea siku mbili, halafu unaonyeshwa moshi.

Wengine waligeuza safari upesi. Waliobaki waliupitisha msimu wa baridi wakichoma mabua ya alizeti na samadi kavu ya nyati. Chakula kilipowaishia, wazee wao wanasimulia, Waosage, kabila mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia walichokuwa nacho. Simulizi hiyo kijana wako aombe aipate kwa mdomo wa mzee wa hapo, asiishie kwenye bango la utalii.

Miaka kumi haikupita kabla mji haujasimama. Zachary Fletcher alikuwa mkuu wa posta, akafungua na hoteli iliyoitwa St. Francis. Mkewe Jenny akafundisha shule. Kukawa na makanisa, maduka, magazeti mawili. Edward McCabe, aliyeanza kama karani wa kaunti, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, cheo ambacho mtu mweusi wa upande ule wa nchi hakuwa amewahi kukishika.

Kisha likaja suala la reli. Wananchi wa Nicodemus walipiga kura kukubali deni la dola 16,000 ili kampuni ya reli ipitishe njia kwao. Haikupita. Mwaka 1888 reli ikapita ng'ambo ya mto Solomon, kilomita chache tu kutoka hapo, na mji wa Bogue ukaota kando yake. Wenye maduka wakahamia huko, baadhi wakakokota hata majengo yenyewe. Wakulima ndio waliobaki, na ukame wa miaka ya 1930 ukapunguza hata hao.

Sasa sherehe yenyewe. Asili yake ni tarehe 1 Agosti, siku ambayo mwaka 1834 sheria ya kukomesha utumwa ilianza kazi katika makoloni ya Uingereza visiwani Karibea. Utashangaa kwa nini Wamarekani washerehekee uhuru wa watu wa visiwani. Jibu ni kwamba weusi wa Marekani walianza kuiadhimisha siku hiyo wakati wao wenyewe bado hawana yao, na wengi waliendelea nayo hata uhuru wao ulipofika. Kwa mkulima wa Kansas ilifaa pia, maana ngano inakuwa imeshavunwa. Zamani familia zilipiga kambi chini ya miti, kukawa na besiboli, ngumi na nyama za kuchoma. Siku hizi kuna maandamano barabarani, chakula cha pamoja, na ibada ya Jumapili.

Kuhusu mizigo: kofia pana na maji mengi, maana jua la Julai huko halina huruma na upepo unakausha midomo. Hoteli ya Fletcher jengo lake lipo, ila wageni hailazi tena. Malazi na mafuta ya gari atafute kwenye miji ya jirani, Hill City au Stockton. Mama wa rafiki yake ampelekee kanga, pea moja yatosha. Wakubwa asiwaite majina yao ya kwanza, awape heshima kama anavyowapa wa kwenu. Ataulizwa yeye ni wa ukoo gani, maana pale kila mtu ni wa fulani: Switzer, Bates, Alexander, Williams. Aseme bila haya kwamba ni mgeni kutoka Tanzania na aliyemleta ni nani. Mimi niliposema hivyo nilisogezewa kiti na sahani, nikakalishwa katikati ya bibi wawili waliokuwa wakibishana ni nani aliyezikwa karibu na nani.

Jambo moja kijana alizingatie: adabu ya kamera. Majengo matano ya kale yamekuwa eneo la kihistoria la taifa tangu mwaka 1996, hayo kwa nje apige picha atakavyo. Nyumba na mashamba yanayoyazunguka ni ya watu, aombe ruhusa kwanza.

SWALI: Mwalimu, toleo lililopita uligusia sheria ya Marekani ya kugawa mashamba bure. Je, watu weusi nao walipata, au ilikuwa ya wazungu tu?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Nimeliweka swali lako hapa kwa sababu linaungana na la mama. Walipata. Sheria ilikuwa ya mwaka 1862: ekari 160 kwa ada ndogo, ukae miaka mitano na uilime, ndipo upewe hati. Marekebisho ya katiba ya mwaka 1868 yakawafanya weusi raia, wakaingia. Kikwazo kilikuwa vifaa. Nicodemus ya mwanzo farasi walikuwa wa kuhesabika, kwa hiyo watu waligeuza udongo mgumu wa nyika kwa sepetu na majembe ya mkono, wanaume wengine wakaenda kutafuta vibarua vya reli huku wake zao wakilinda shamba lisipotee.

Wajukuu wachache bado wanalima hapo, hasa ngano. Miaka ya 2000 baadhi yao walijaribu kupanda teff, ile nafaka ndogo ya Ethiopia inayopikiwa injera, kwa sababu inavumilia ukame.