Nyimbo za zamani zikirudiwa: mbona nyingine zinakera?

SWALI: Mwimbaji wa taarabu nimpendaye kuliko wote ametoa albamu ya nyimbo 9, zote za kurudia zile za vikundi vya Tanga vya miaka ya 1960 na 1970. Nne zinaniliza. Zilizobaki nazikatiza katikati, ilhali sauti ni yake ileile. Jaladani kuna jina lake tu, watunzi hawakutajwa. Au ni mimi niliyezizoea mno kaseti zangu za vikundi vyenyewe?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Tuanze na hizo kaseti, maana huenda nazo zinakudanganya. Utepe wa kaseti hupita sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine ikizidisha mwendo kwa asilimia 6 tu, wimbo mzima hupanda nusu toni na mwimbaji husikika mwembamba, kama kijana. Sikio lililozoea hivyo huiona rekodi iliyo sawa kuwa nzito, imepoa. Mwombe mwenye kinanda aitafute noti ya kwanza. Ikiangukia kati ya vitufe viwili, ishuku mashine kwanza.

Punguza pia sauti ya albamu mpya. Rekodi za leo hubanwa zikawa na kishindo mwanzo hadi mwisho, na kishindo huchosha. Mwimbaji wa kaseti na wa albamu wasikike kwa kiwango kimoja, ndipo ulinganishe.

Ukishafanya hayo na bado unakereka, basi una haki. Black Star na Lucky Star, vikundi vya Tanga, walipoingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu, gitaa halikuwa pambo, lilikuwa linajibu. Chukua mshororo wa mizani (silabi) 16: ukwapi, yaani nusu ya kwanza, 8; utao, nusu ya pili, 8. Mwimbaji anatua kwenye kina cha kati, anavuta pumzi, kisha anaingia utao; mshororo ukiisha, vyombo vinamjibu. Sasa hesabu mapigo kwa sekunde 15, uzidishe kwa 4. Wimbo wa mapigo 80 kwa dakika, jibu la mapigo 4 huchukua sekunde 3. Uharakishe hadi 100, zinabaki 2.4. Gitaa linakatwa kauli, mwimbaji anameza irabu ya mwisho, na kina chote kinakwenda nayo. Maneno unayasikia, fumbo halikufikii. Andika beti mbili za kila wimbo, pigia vina mstari, usikilize kipi kimemezwa. Tunadhani zile nne zinazokuliza ndizo zilizoachiwa mwendo wake.

Kushusha ufunguo, yaani kuuimba wimbo kwa noti za chini zaidi, usimlaumu. Noti za juu huwa ngumu kufikiwa kadiri umri unavyokwenda, na wimbo ulioshushwa vizuri haupungui kitu.

Hilo la jalada ndilo zito. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na kutajwa jina ni haki yake. Nyimbo nyingi za miaka hiyo bado zina wenyewe. Waandikie waliotoa albamu, taja wimbo na kikundi kilichouimba kwanza, uwaulize jina la mtunzi liko wapi.