Maswali yenu kuhusu ICU: mitungi, dripu na kitanda kilichokosekana

Maswali mengi mliyotuma safari hii yanahusu ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, ambako nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi. Nimeyafupisha kidogo. Mengine yamenikalia moyoni, kwa hiyo majibu yake ni marefu.

Sista, habari za kazi. Hospitali yetu ya wilaya ililetewa mashine nne za kupumulia wakati wa korona. Mpaka leo zimefunikwa shuka, na wagonjwa wanapelekwa mkoani. Huu si uzembe? (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo, mwalimu. Uchungu wako naujua, lakini kabla hatujamlaumu mtu, tupige hesabu pamoja. Mtungi mkubwa wa oksijeni, ule unaomfika mtu mzima kifuani, hubeba lita zipatazo 6,800. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa kumi na moja na ushei. Yaani kwa siku moja mtu mmoja anamaliza mitungi miwili na kuuanza wa tatu. Zile mashine zinazopuliza oksijeni kwa kasi puani zinaweza kufika lita 60 kwa dakika, na hapo mtungi haumalizi hata saa mbili. Hospitali isiyo na mtambo wake wa oksijeni, inayofuata mitungi mjini kwa gari, wagonjwa wawili tu wanaweza kuimaliza stoo kabla gari halijarudi.

Kisha kuna umeme, kuna mashine ya kufyonza makohozi, na zaidi ya vyote kuna mtu. Mgonjwa aliye kwenye mashine anahitaji muuguzi wake peke yake, usiku na mchana, kwa sababu mrija wake wa kupumulia ukiziba una dakika chache tu. Niliwahi kuingia zamu ya usiku tukiwa wauguzi wawili kwa wagonjwa sita. Saa tisa usiku kengele ya kitanda cha mwisho ikalia, mwenzangu kakimbilia damu maabara, na mimi mikono yangu iko kitanda cha kwanza nafyonza makohozi. Ilibidi nichague. Mungu alisaidia, wote wawili waliiona asubuhi, lakini hakuna muuguzi anayepaswa kuchagua namna ile.

Kwa hiyo, mwalimu, ukipata nafasi ya kusema mbele ya diwani, usiulize mashine ziko ngapi. Uliza oksijeni inatoka wapi, na zamu ya usiku ina wauguzi wangapi.

Huku kwetu mtu akipelekwa ICU, watu wanaanza kuulizia sanda. Ni kweli hawatoki? (Msomaji, Mombasa)

Wapo wengi wanaotoka, na wengine huja baadaye kutusalimia kwa miguu yao. Lakini sitakuficha: kwetu Afrika vifo vya ICU viko juu. Mwaka 2020 walifuatiliwa wagonjwa wa korona zaidi ya 3,000 waliolazwa ICU katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo. Karibu nusu walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa kama theluthi. Virusi vilikuwa vilevile. Tofauti ilikuwa kwenye huduma: kusafishwa damu pale figo zinapogoma, kulazwa kifudifudi, na mengine ambayo waliyapata wachache kuliko waliohitaji.

ICU yenyewe ilizaliwa kwenye upungufu. Mwaka 1952, mjini Copenhagen, Denmark, polio ilipooza misuli ya kupumua ya watu wengi, na hospitali ya Blegdam ilikuwa na mashine chache mno. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri mgonjwa atobolewe koo, awekewe mrija, na mtu akae pembeni yake akiminya mfuko wa hewa kwa mkono. Wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu kwa miezi kadhaa. Kabla ya hapo, zaidi ya 80 katika kila 100 waliofikia hatua hiyo walikuwa wanakufa. Baadaye wakawa chini ya nusu. Mfuko ule wa kuminya tunao mpaka leo kwenye kila kitanda, na umeme ukikatika ndio tunaoukimbilia.

Baba alizidiwa. Tukaambiwa ICU imejaa, akabaki wodi ya kawaida, akafariki siku ya tatu. Ningeuza shamba nimpeleke hospitali binafsi? Nafsi inanisuta. (Kijana wa Iringa)

Pole sana, mdogo wangu. Hakuna awezaye kukuambia kwa hakika kwamba shamba lingemrudisha baba, na mimi sitajaribu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hukuwa peke yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliowaangalia wagonjwa karibu 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta mmoja kati ya kila wanane amezidiwa. Kati ya hao waliozidiwa, karibu saba katika kila kumi walikuwa wamelala wodi za kawaida kama baba yako. Mmoja kati ya watano alifariki ndani ya wiki.

Kilichoniuma zaidi ni hiki: kati ya wale ambao kupumua kulikuwa kumewashinda, chini ya nusu walikuwa wanapewa oksijeni. Na kati ya wasiojitambua, karibu nusu hawakuwa wamelazwa ubavu wala kulindwa njia ya hewa kwa namna nyingine. Kumlaza mtu ubavu hakuna bei! Hakuhitaji ICU wala bima.

Ndiyo maana nalisema hili kila ninaposikilizwa: huduma ya mahututi ianzie wodini. Wakati ICU zikipiganiwa, kila wodi iwe na kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, na kila aliyezidiwa apimwe mapigo, presha, kasi ya kupumua na fahamu mara kwa mara, usiku pia. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 90, apewe pale pale.

Na kwa wengine walio wodini leo na ndugu yao: muulizeni muuguzi kwa upole amepimwa saa ngapi mara ya mwisho, na amekuta nini. Anayehema kwa shida ainuliwe mgongo. Asiyejitambua msimnyweshe uji. Najua ni upendo, nimeona akina mama wengi wakifungua chupa ya chai na kijiko mkononi, lakini uji ule unaingia mapafuni, na nimewapokea ICU wagonjwa walioletwa na uji peke yake.

Mwanangu wa miaka miwili alilazwa na malaria kali, mikono na miguu ya baridi. Niliomba dripu ikimbizwe kama alivyofanyiwa mtoto wa jirani, daktari akakataa. Alipona, lakini bado sijaelewa. (Mama wa Tanga)

Hongera kwa mtoto, mama. Jibu la swali lako lilipatikana huku huku kwetu. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu haimzunguki vizuri akimbiziwe maji haraka. Ndivyo ilivyofanyika katika nchi tajiri. Basi hospitali ya Kilifi nchini Kenya, ya Muheza mkoani kwako, na nne za Uganda zikawachunguza watoto zaidi ya 3,000, katika utafiti ulioitwa FEAST. Hospitali hizo hazikuwa na ICU ya watoto. Wote walipata dawa zao, na damu au oksijeni kwa aliyehitaji. Baadhi wakakimbiziwa maji, wengine wakapewa taratibu.

Kila mtu alitegemea waliokimbiziwa wapone zaidi. Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliokimbiziwa maji walifariki zaidi ya 10. Kwa waliopewa taratibu, kama 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wengi wa watoto hao walikuwa na malaria, kama wako.

Nakuomba usichanganye: mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji ni jambo jingine, yule anayahitaji maji na hakuwemo kwenye utafiti huo. Lakini daktari wako alijua alichokuwa anakizuia. Mimi mwenyewe nilifungua dripu nyingi zikimbie kabla ya mwaka ule, kwa nia njema kabisa, na nikiwafikiria watoto wale moyo unanisinyaa.

Kaka yangu yuko ICU, tumemkuta amelazwa kifudifudi kwenye mashine. Hii ni adabu gani?

Ni tiba. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na akilala chali inabanwa. Utafiti wa Ufaransa na Hispania wa mwaka 2013, kwa wagonjwa ambao mapafu yao yalikuwa mabaya sana, ulionyesha kulazwa hivyo saa nyingi kila siku kulipunguza vifo kwa nusu hivi. Vifaa ni mito, shuka na watu wanne au watano wanaojua kugeuza bila kuchomoa mrija.

Mgonjwa wetu yuko siku ya tisa kwenye mashine, deni linapanda, madaktari wanasema hakuna maendeleo. Familia imegawanyika: kumtoa kwenye mashine si kumuua?

Ombeni kikao na daktari bingwa, msikubali majibu ya kwenye korido. Aje msemaji mmoja wa familia pamoja na sheikh au mchungaji wenu mkitaka. Mwulizeni: tunangoja nini kibadilike, na tutajua lini? Mkubaliane siku, tatu au tano, kisha mkutane tena. Ikibainika kwamba mashine inarefusha kufa tu, kuiondoa hakumaanishi kumtupa. Atapewa dawa ya maumivu, ataoshwa, atashikwa mkono. Na deni mlizungumze na ustawi wa jamii mapema, siku ya kwanza ikiwezekana.

Mume wangu katoka ICU mwezi uliopita. Anasahau, miguu haina nguvu, usiku anapiga kelele kwamba amefungwa. Kalogwa?

Hapana, dada. Ugonjwa mkali, dawa za usingizi na siku nyingi za kulala huvuruga akili na kula misuli, na hali hii huwapata wengi wanaotoka ICU. Mgonjwa wetu mmoja aliamini kwa miezi kwamba tulimfungia nyuma ya geti. Mkewe akamleta wodini. Akasimama kwenye kitanda chake cha zamani, akaishika ile reli ya pembeni, akauliza, "Ni hii?" Msimulie mumeo siku kwa siku yaliyompata, hata mara kumi. Atembezwe kidogo kidogo kila siku, ale mayai, dagaa na maharage, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwone. Kelele za usiku zikiendelea, kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa itampokea. Mwambie daktari alikuwa ICU siku ngapi, na siku ngapi kati ya hizo alikuwa kwenye mashine.