Makofi ya kilo na jibu la 35

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Mwalimu aliye kwenye mazoezi afanye nini ili watoto wa madarasa ya chini watulie na kufuata somo?" Mimi nafundisha darasa la pili katika shule ya serikali mkoani Dodoma, na kila mwaka tunapokea wanachuo wa BTP, yaani wanaokuja shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Swali hilo nimelisikia kwa wakufunzi, kwa wanachuo wenyewe, hata kwa mama mmoja wa kamati ya shule aliyepita karibu na darasa akadhani nyuki wameingia. Majibu yake nayajua kwa kichwa: waimbishe, wachezeshe, tumia zana za rangi, usisimame sehemu moja. Si majibu mabaya. Kila mwanachuo anayo kwenye daftari lake, chini ya kichwa cha "mbinu shirikishi", kimepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Ila kabla sijajibu naomba niulize ambalo hamkuuliza. Mwanachuo akiwa mbele ya watoto, mwenye darasa, yaani mwalimu wao wa kila siku, yuko wapi?

Tulio ndani tunajua. Wanachuo wakiripoti Jumatatu asubuhi, ikifika saa nne ratiba imeshagawanywa upya. Mmoja yuko njiani kwenda halmashauri kufuatilia malimbikizo yake ya mshahara, mwingine yuko shambani, mwingine amekaa chini ya mwarobaini anasahihisha madaftari ya mwezi uliopita. Sisemi kwa ubaya. Malimbikizo ni ya kweli, na shamba halimsubiri mtu mvua zikianza. Lakini angalieni madarasa tunayowaachia wageni: la kwanza, la pili na la tatu, ambako hata mzoefu hutoka sauti imekauka. La saba hawapewi, la saba lina mtihani. Basi mtu aliyejifunza ualimu kwenye makaratasi anaanzia pale pagumu kuliko pote, tena peke yake, halafu tunamuuliza mbona watoto hawatulii.

Hawatulii kwa sababu wanampima. Mtoto wa darasa la pili anajua upesi sana kwamba mwalimu huyu hachapi. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mwanachuo hayumo. Watoto hawajasoma kanuni, wao wameona fimbo kwapani mwa walimu wengine na kwa mgeni wameona karatasi ya manila iliyokunjwa. Wapo wanachuo ambao baada ya siku chache nao hukata fimbo yao, na darasa kweli linatulia. Linatulia, na hakuna anayenyoosha mkono tena mpaka BTP iishe.

Sasa kuna kipindi kimoja ambacho sijakisahau, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu.

Tulipokea binti wa mwaka wa pili chuoni, mwenye kipaji hasa. Watoto walimwita Madamu Mgeni tangu siku ya kwanza na jina halikubadilika hadi anapanda basi. Mada yake ilikuwa kutoa kwa kukopa, na mkufunzi wake angekuja kumuasesi, yaani kumtazama akifundisha na kumpa alama, siku ya Jumanne. Jumanne kwetu ni mnada. Uwanja wa mnada umepakana na shule, kwa hiyo kuanzia saa tatu mbuzi wanalia, muuza dawa ya panya anatangaza kwa spika, na moshi wa nyama choma unaingia kupitia madirisha yetu yasiyo na vioo. Daftari la mahudhurio lilikuwa na watoto 112. Siku hiyo walikuwepo karibu mia, maana siku ya mnada wapo ambao huwa "wanaumwa". Dawati la watatu lilikaliwa na watano. Tangu michango ifutwe mwanzoni mwa 2016 na watoto kuongezeka ndivyo tunavyokaa, na sisemi michango irudi.

Mimi nilikuwepo kwa sababu mkuu alitaka mwenye darasa aonekane mgeni akija. Nilikaa nyuma juu ya ndoo iliyofunikwa. Kiti alipewa mkufunzi.

Binti alikuwa ametunga wimbo mwenyewe. Mamoja wameishiwa, wanakwenda kupiga hodi kwa jirani yao Makumi, wanapewa kumi moja, wanarudi nyumbani. Hodi ilikuwa hodi kweli: nusu ya darasa wanagonga madawati mara tatu, nusu nyingine wanaitika "karibuuu". Dakika tano za mwanzo hakuna aliyekumbuka mnada, hata mimi. Kisha akaandika ubaoni 42 toa 17.

"Mbili toa saba, inawezekana?"

"Haiwezekaniii!"

"Kwa hiyo tunakwenda kwa jira...?"

"...niii!"

"Tunakopa ku...?"

"...miii!"

Walimu wenzangu mnajua, wote tunafundisha hivyo. Tunaacha silabi ya mwisho ikining'inia, na mtoto anaijaza hata akiwa amesinzia.

Kulikuwa na kijana wa dirishani, shingo yote iko mnadani. Ghafla akanyoosha mkono. "Madamu, watarudisha lini?" Akaulizwa nani. "Hao waliokopa." Darasa likaangua kicheko, mkufunzi akacheka, binti naye akacheka. "Swali zuri, mpigieni makofi ya kilo!" Makofi yakapigwa, somo likaendelea, swali likabaki hapohapo. Simlaumu. Andalio la somo lilikuwa limeshafika kwenye hatua ya kuimarisha maarifa, na kipindi cha darasa la pili ni dakika 30.

Dawati la tatu kutoka mlangoni kulikuwa na msichana ameinamisha kichwa anachorachora kwenye daftari wakati wenzake wanaimba. Binti akamwendea kwa upole, akamwinua kidevu, akamuuliza, "Tuko pamoja?" Akaichukua penseli akaiweka pembeni, akamwonyesha jinsi ya kugonga hodi. Mkufunzi akaandika kitu kwenye fomu, na nadhani alikiandika kwa kuridhika. Vijiti vya mabua ya mtama vilivyofungwa kumi kumi kwa raba vilikuwepo pia, binti amevishika juu. Kutoka nyuma nilikokaa nisingeweza kusema fungu lile lina kumi au saba.

"Mmeelewa?" "Ndiyooo!" Wakapewa zoezi, kengele ikalia. Kwenye ushirikishwaji wa wanafunzi alipata "vizuri sana". Tangu mtaala wa 2005 ulete ujenzi wa umahiri, hicho kipengele ndicho kila mkufunzi anakitazama kwanza, na kwa kweli sijawahi kuona darasa lililoshiriki kuliko lile.

Mchana binti alikaa na mkufunzi kupewa maoni, madaftari yakabaki kwangu. La kwanza, 35. La pili, 35. La tatu, la nne, 35. Aliyefundisha hesabu hii ameshaelewa. Mtoto anaona mbili na saba, anatoa ndogo kwenye kubwa, anaandika tano. Nne toa moja, tatu. Hakukopa, wala hakupita karibu na mlango wa Makumi. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika 35. Wachache waliandika 59, maana yake walijumlisha. Zile 25 nazo hazikutawanyika, zilikuja kwa madawati: dawati zima 25, dawati linalofuata hakuna.

Nikalichukua dawati moja la 25 nikapanga madaftari yake matano. Manne yalikuwa na 35 iliyofutwa kwa mate na kidole hadi karatasi ikatoboka, juu yake imeandikwa 25. La tano lilikuwa safi. Pembeni mwa hesabu kulikuwa na mafungu manne yaliyochorwa yakiwa yamefungwa katikati, na vijiti viwili peke yao. Fungu moja limekatwa mkasi, chini yake vijiti kumi vilivyolegea. Fungu jingine limekatwa pia, hilo la kutolewa, na vijiti saba vina alama. Ukihesabu vilivyobaki, ni 25. Lilikuwa daftari la yule aliyenyang'anywa penseli agonge hodi.

Na yule kijana wa "watarudisha lini"? Msifurahi mapema. Aliandika 35, kubwa na nzuri, bila kufuta.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo na kusema wazi kwamba nyimbo na makofi ni maonyesho ya kumfurahisha mkufunzi, na kwamba tumewafundisha wanachuo kutafuta kelele nzuri badala ya kelele mbaya. Kwa sehemu bado naamini hivyo. Mtoto anayetazama nje tunamhesabu hayupo, na mia wanaogonga dawati kwa pamoja tunawahesabu wapo, wakati fomu haina pa kuandika nani amepata 25 kwa akili yake.

Lakini kesho yake tulirudia somo, yeye na mimi. Kila mtoto alikuja na mabua yake kutoka nyumbani, binti akasimama mbele, mimi nikapita katikati. Watoto mia wenye mabua mkononi! Kabla hatujafika kwenye makumi yalikuwa mapanga, yalikuwa filimbi, na kijana wa dirishani alikuwa ameshamuuzia jirani yake vitatu. Nikahesabu hadi tatu kwa ile sauti yangu ya miaka yote. Hakuna. Nikapiga ubao kwa kiganja. Hakuna. Binti akaanza ule wimbo wake, taratibu, na ilipofika hodi mikono yote ilikuwa kwenye dawati na mabua yamelala. Ndipo tukafungua mafungu. Bila wimbo nisingefika huko, labda kwa fimbo, na fimbo nimeshaisema.

Waliopata siku hiyo waliongezeka. Si wote, na bado kuna madawati sikuyafikia. Tulikuwa watu wazima wawili, na kengele ikatukuta katikati.

Hapo ndipo ninapowakumbuka walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ambao hata leo ofisini tunawatania. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 shule zilifunguka haraka kuliko vyuo, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakajifunza ualimu hukohuko vijijini huku wanafundisha. Mmoja wao ndiye aliyenipokea nilipokwenda mazoezi. Kingereza chake kilikuwa cha kubahatisha na maandalio yake yalikuwa mafupi, lakini hakutoka darasani mwangu. Alikaa na madaftari ya watoto mapajani, na mara kwa mara alininong'oneza, "Huyu wa pembeni amekwama, nenda." Sijui kama angefaulu fomu ya siku hizi.

Basi jibu la swali lenu. Mwanachuo, imba. Nilikusudia kusema usiimbe, lakini imba, na utunge wimbo wako mwenyewe ikiwezekana. Ila ukishawapata usiendelee kuimba. Kabla kipindi hakijafika katikati shuka kwenye madawati na kalamu nyekundu, anza na wanaokaa pembezoni, angalia wanachoandika na siyo wanachoitikia. "Mmeelewa?" liache nyumbani. Swali la mtoto wa dirishani lijibu hata kama andalio linakimbia, nami ninasema hivi nikijua kwamba mkufunzi atakukata alama za muda. Anayechora muache kidogo, kisha chungulia anachochora. Mara nyingi, niseme ukweli, ni gari, na hapo chukua penseli. Sitaki mtu aondoke na barua hii akidhani kila anayetazama mbuzi anafikiria makumi.

Kwa mwenye darasa: baki ndani, angalau wiki ya kwanza. Najua malimbikizo. Habari ya njaa nimeiruka makusudi. Shule zenye uji wa saa nne na zisizo nao zote zinajua tofauti yake.

Na alama za yule binti? Ningekuwa mkufunzi ningempa zilezile. Au ningempunguzia mbili, halafu nimrudishie zile za siku iliyofuata, ambayo haikuasesiwa na mtu.

Haya yote ni ya darasa la mia. Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 45. Kama wako ni 45, nusu ya niliyoandika unaweza kuiacha, maana darasa la namna hiyo sijawahi kulifundisha.

Mwalimu wa darasa la pili, Dodoma