Chonge iliyopanda juu: alaina au bresi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi Moshi, ila nimekulia upande wa Arusha, na meno yangu yana madoa ya kahawia kama ya wengi wa huko. Chonge ya juu kushoto imeotea juu kwenye ufizi na imejigeuza. Meno ya mbele ya chini yamebanana. Kliniki moja imenionyesha kwenye kompyuta jinsi meno yatakavyonyooka kwa alaina za plastiki ndani ya miezi 14. Nyingine inasema nifunge bresi. Sipendi kusimama mbele ya wanafunzi na chuma mdomoni, lakini sina uwezo wa kulipa mara mbili. Nichague ipi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hiyo chonge, kwa sababu ndiyo inayoamua. Kama yote uliyoeleza yangekuwa meno ya chini kubanana tu, ningekwambia chukua alaina bila wasiwasi.

Jino husogea kwa namna moja, uwe umefunga waya au umevaa plastiki. Likisukumwa polepole, mfupa wa taya huliwa upande linakoelekea, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, na miaka 36 si kizuizi hata kidogo, mradi fizi ni nzima. Tofauti iko kwenye kushika. Kwenye bresi, braketi, yaani kishikizo kidogo cha waya, hugandishwa juu ya jino lenyewe, na waya wa nikeli na titani ukipindishwa kuingia humo, hung'ang'ania kurudi kwenye umbo lake na kulikokota jino. Alaina ni kofia nyembamba ya plastiki inayovikwa juu ya meno, na kila moja hulipeleka jino takriban robo ya milimita kabla ya kuvaa inayofuata. Kusukuma inajua. Kuvuta jino lishuke, au kuzungusha jino la mviringo, ndiko inakochoka. Chonge ni ya mviringo, na plastiki huteleza juu yake kama mkono wenye sabuni ukishika yai. Yako inahitaji vyote viwili: ishuke na izunguke.

Ile picha ya kompyuta isikupe haraka. Inaonyesha tunachotaka meno yafanye, si ahadi ya mfupa wako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulipima meno ya waliotumia Invisalign, chapa moja ya alaina, na kukuta kwamba kwa wastani asilimia 41 tu ya mwendo uliopangwa ndiyo iliyotimia. Kipimo kingine cha mwaka 2020, plastiki na programu zikiwa zimeboreshwa, kilifika asilimia 50. Ndiyo maana watu wengi hupimwa upya katikati ya safari na kutengenezewa seti ya nyongeza. Iulize kliniki yako kabla ya kusaini: seti za nyongeza zimo kwenye bei hiyo, au nitalipa tena? Hapo ndipo kulipa mara mbili kunakoanzia.

Sasa hayo madoa. Maji ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, na enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, iliyokua kwa maji hayo huikataa ile asidi tunayopaka ili gundi ishike. Braketi hubanduka mara nyingi zaidi. Usidhani alaina zitakuepusha na hilo, kwa maana nazo hutegemea vinundu vidogo vya rezini vinavyogandishwa juu ya meno, na kwa chonge kama yako vitahitajika vya kutosha. Kwa njia yoyote utakayochagua, mwambie daktari mapema, aiandae enameli kwa muda mrefu zaidi, na siku ya kubandua aende taratibu ili asiivunje.

Kuhusu darasani, nakuelewa kabisa. Zipo braketi za kauri zenye rangi ya jino, na mtoto wa dawati la tatu hatazitambua kirahisi. Ila viraba vinavyofunga waya hunywa rangi ya manjano: sahani moja ya pilau au mchuzi wenye bizari na vinageuka njano hadi siku ya kubadilishwa. Omba vya rangi ya kijivu. Mahindi ya kuchoma utayapukuchua kwa mkono, na miwa utaisahau kwa muda. Alaina nazo zina masharti yake: saa 20 hadi 22 kwa siku, unavua kula tu na kupiga mswaki. Chai ya maziwa na sukari ya saa nne pale ofisini huwezi kuinywa ukiwa umezivaa. Moto huzikunja, na sukari hubaki imefungiwa juu ya meno. Wiki ya kwanza "s" na "z" zitakuwa na kitembe kidogo, kisha ulimi huzoea.

Kwa maelezo yako, mimi ningefunga bresi za kauri juu, na chini nikatumia alaina kama mfuko unaruhusu. Njia hiyo ya mchanganyiko ipo na inafanya kazi vizuri. Lakini kabla ya gundi yoyote, piga eksirei ya taya zote kuona mzizi wa chonge umelala vipi, na upimiwe nafasi: huenda gego dogo likang'olewa ili chonge ipate pa kukaa. Fizi zikitoa damu unapopiga mswaki, ukoga ukwanguliwe kwanza. Kusogeza jino kwenye fizi yenye ugonjwa ni kulipotezea mfupa.

Ukiamua alaina hata hivyo, jikague kila Jumapili mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha. Tazama ncha ya chonge ndani ya plastiki. Ukiona nafasi tupu kati ya ncha na plastiki, jino limebaki nyuma. Usivae inayofuata, rudi kliniki. Na usikubali mpango wowote wa kutumiwa alaina kwa posta bila daktari kukuangalia mdomoni. Kampuni ya Marekani ya SmileDirectClub, iliyofanya biashara hiyo, ilifunga milango Desemba 2023, na wateja waliokuwa katikati ya matibabu wakabaki bila wa kumuuliza.

Jambo moja zaidi, kama una mwanya mbele na unaupenda, sema mapema, kwa sababu mipango mingi ya kompyuta huuziba bila kukuuliza. Na tenga fedha ya riteina, kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi baada ya matibabu, tangu sasa. Utaivaa usiku kwa miaka yote, kwa maana jino lililozungushwa hutamani kurudi lilikotoka.