Gofu Jangwani: Usiende Dubai Mwezi wa Nane

Msomaji wa Nakuru kaniandikia: tiketi za Dubai mwezi wa nane ni nafuu, viwanja vya gofu navyo vimeshusha bei, je, yeye na wenzake watatu waende?

Ndugu yangu, hujajiuliza kwa nini bei imeshuka? Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba, Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. Mjenzi anaamriwa akae kivulini, halafu wewe wa Nakuru, uliyezoea baridi, umo juani na fimbo mkononi! Nenda kati ya Novemba na Machi. Ikikubidi kiangazi, cheza usiku; uwanja wa Faldo pale Emirates Golf Club una taa.

Sisi tulienda Februari. Nilipoikataa safari ya bei poa, mwenzetu mmoja aliniita "bwana mkubwa" kwenye grupu la WhatsApp, na wengine wakacheka. Sijasahau. Basi tukafika Majlis, uwanja mwingine wa Emirates Golf Club, wa 1988, wa kwanza wa mashindano wenye nyasi kote katika Mashariki ya Kati. Nilikuwa nimewaambia mapema: Nairobi tuko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali. Dubai ni usawa wa bahari. Penye fimbo ya chuma namba 7, shika namba 6, inayopeleka mpira mbali zaidi. Nani alisikiliza? Shimo la 8, maghorofa yamejipanga mbele kama picha, mpira wangu ukatua kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe. Wa mwenzetu yule uliishia mchangani, akapiga tena, ukabaki mchangani. Sikusema neno. (Picha ninayo.)

Halafu mjue, kule hakuna kedi wetu, mbeba fimbo, wa kukusomea grini. Unapanda kigari, umbali unauona kwenye skrini, mengine ni akili yako. Maji mnywe kabla ya kiu. Nafasi za kucheza wekeni mapema.

Tatizo letu wachezaji wa huku ni kupenda rahisi. Mtu ananunua fimbo za bei mbaya, lakini kupanga safari hataki, ushauri hataki, kisha anarudi akililaumu jangwa. Gofu inataka nidhamu hata kabla ya kupanda ndege! Mfuko wa fimbo pimeni nyumbani, maana mashirika mengi ya ndege huuhesabu ndani ya kilo zenu. Nafasi, narudia, wekeni mapema. Na mkichagua Januari, tazameni kwanza tarehe za Dubai Desert Classic, mashindano ya wachezaji wa kulipwa yanayochezwa hapo Majlis. Wiki hiyo Majlis mtaingia kama watazamaji tu.