Mzinga Usibaki Mtupu: Kwa Wanaoanza Kufuga Nyuki Lubumbashi

Ndugu wengi wanaonijia wakitaka kufuga nyuki huuliza kwanza mzinga mmoja hutoa lita ngapi za asali. Swali hilo si baya, lakini huwaomba waliweke kando kwa mwaka mzima, kwa sababu nyuki wetu wa Afrika huhama kwa urahisi kuliko wale wa Ulaya: wakisumbuliwa mno, wakikosa chakula au maji, au wakivamiwa na siafu, kundi zima huondoka na kuuacha mzinga mtupu. Kazi ya kwanza ya mfugaji ni kuwafanya wakae.

Hilo nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe. Mizinga yangu ya mwanzo niliitundika upande wa barabara ya Kasenga, na mwezi wa tano, maua ya mti wa mutondo yalipokwisha, nilikata masega yote yenye asali. Sikufikiria kwamba miezi inayofuata huku kwetu ni ya baridi na ukavu, na kwamba asali ile ilikuwa ndiyo akiba yao ya chakula. Mwezi wa nane nilifungua mzinga nikakuta masega yamefunikwa utando wa nondo wa nta, bila nyuki hata mmoja. Tangu hapo huwaachia masega manne au matano yaliyojaa kabla ya kiangazi, na karibu na mizinga huweka beseni la maji lenye vijiti na mawe ili wanaokunywa wasizame.

Mizinga mipya iwe tayari kufikia mwezi wa nane, kwa kuwa miti ya miombo, muputu ukiwemo, huanza kuchanua kabla ya mvua za mwezi wa kumi na moja, na wakati huo makundi hugawanyika na kutafuta makao. Chagua mahali palipo mbali na nyumba, na ambapo wakata miti ya makala hawajafika, kwani msitu ukishakatwa hakuna ufundi utakaowalisha nyuki wako. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono mizinga ya magome: mti uliobanduliwa gome pande zote hufa, nao ndio uliokuwa ukitoa maua.

Mimi hutumia mzinga wa viunzi vya juu, yaani sanduku lililofunikwa kwa vipande vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega yakining'inia chini yake, ambao seremala yeyote makini anaweza kuutengeneza. Msimamie katika kipimo kimoja tu: kila kiunzi kiwe na upana wa milimita 32. Akiongeza milimita tano, nyuki watajenga masega yanayopinda kutoka kiunzi kimoja hadi kingine, na hutaweza kuinua kimoja bila kupasua la jirani yake. Miguu ya mzinga, au nyaya unazoutundikia, uzipake grisi ili siafu wasipande.

Fungua mzinga jioni, jua likipungua ukali, na usiende peke yako. Simama nyuma au ubavuni, kamwe si mbele ya mlango, puliza moshi mweupe usio na joto mara mbili au tatu mlangoni, kisha subiri kidogo. Ukichomwa, uondoe mwiba haraka, kisha upulize moshi mahali hapo, kwa maana nyuki anayechoma huacha harufu inayowaita wenzake, nayo hufanana na ya ndizi mbivu; kwa hiyo usile ndizi kabla ya kwenda mzingani. Anayevimba uso au kubanwa pumzi baada ya kuchomwa apelekwe hospitali mara moja.

Ukiinua kiunzi, sega libaki wima wakati wote. Limeshikwa juu tu, na nta yenye joto ni laini. Ukililaza ili ulitazame vizuri, litakatika na kuanguka pamoja na majana, yaani watoto wa nyuki. Lipe jua mgongo, mwanga uingie ndani ya vyumba, utafute mayai, ambayo ni kama vipande vidogo vya uzi mweupe vilivyosimama chini ya kila chumba. Yai huanguliwa baada ya siku tatu. Basi ukiliona, malkia alikuwapo ndani ya siku hizo, na huna haja ya kumsaka. Funga mzinga. Siku nyingine huhitaji hata kuufungua: keti kando ya mlango asubuhi, utazame kama wanaorudi wamebeba chavua, ule unga wa maua, miguuni, kwa sababu chavua ndiyo chakula cha majana. Isipoingia kwa siku kadhaa wakati msitu una maua, chunguza mapema.

Asali ivunwe pale tu nyuki wanapokuwa wameziba kwa nta robo tatu ya sega au zaidi, kwani ile isiyozibwa bado ina maji mengi na itachacha kwenye ndoo. Masega yaliyobaki baada ya kukamua yayeyushe, uchuje nta, na sehemu yake uipake ndani ya mzinga mtupu unaofuata. Harufu yake ndiyo itakayolivuta kundi jipya.