Kigoma–Dar kwa ndege: mbona saa tatu?

Swali: Shikamoo mzee. Nipo Mwanga, Kigoma. Ramani ya simu inasema kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,080 hivi kwa mstari ulionyooka. Nimeambiwa ndege ya pangaboi inakwenda kilomita 650 kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa moja na dakika 40. Lakini tiketi yangu, inayopitia Tabora, inasema naondoka saa nne asubuhi nafika saa saba mchana. Tabora inatuzungusha kiasi hicho?

Jibu: Marahaba. Hesabu yako ya kugawanya ni sahihi, ila Tabora unaisingizia. Kigoma–Tabora ni kama kilomita 350, Tabora–Dar kama 730. Jumlisha: ni ileile 1,080. Mji wa Tabora uko karibu kabisa na mstari wako, nyongeza haifiki kilomita kumi. (Reli ndiyo inayozunguka kidogo, yenyewe ni kilomita 1,250 hivi.)

Kinachokula muda ni kutua na kuruka tena. Ile 650 ni mwendo wa ndege ikiwa imeshatulia juu. Inapopanda inakwenda polepole, inaposhuka hupunguza, na marubani hawaingii uwanjani moja kwa moja kama bodaboda. Enzi nikipanga safari nilikuwa naongeza dakika 15 kwa kila mruko. Kwa hiyo Tabora dakika 50 hivi, kisha nusu saa pale chini: wa Tabora washuke, wengine wapande, mizigo ihesabiwe upya. Kutoka hapo Dar ni kama saa moja na dakika 25. Tayari una saa mbili na dakika 45.

Robo iliyobaki ni ya ardhini. Saa ya kwenye tiketi haianzi magurudumu yakiacha lami. Huanza kabari zikiondolewa na ndege ikianza kusogea, na huisha ikiegeshwa Dar. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza muda mfupi kuliko wa tiketi na wote mkawa sawa.

Bila kutua Tabora, pangaboi hiyohiyo ingekufikisha kwa kama saa mbili. Jeti ya kilomita 830 kwa saa ingekuokolea chini ya nusu saa tu, maana kupanda na kushuka hakukwepeki.

Upepo nao upo. Kwetu mara nyingi hutoka mashariki, hivyo unapokwenda Dar unaukabili. Ukiwa wa kilomita 30 kwa saa, utakuchelewesha kama dakika tano.

Wakati wa kurudi, ukipata ndege ya jioni, usishangae jua kukawia. Kigoma huzama yapata dakika 38 baada ya Dar, ingawa saa za ukutani ni zilezile.